Mtoto Mwenye Usonji Hapigi Ghafla

Hoja ninayoitetea hapa ni moja. Mtoto au kijana mwenye usonji anayepiga, anayeuma, anayerusha vitu au kujigonga kichwa ukutani hafanyi hivyo ghafla. Kuna kilichotangulia na kuna kinachofuata, na mara nyingi anayemlea anavijua vyote viwili hata kama hakuna aliyewahi kumuuliza. Kinachotabirika kinazuilika, na mengi ya kukizuia yanaweza kufanywa Kibiti mjini, Bungu, Nyamisati na ndani ya delta ya Rufiji yenyewe, kabla ya mtu kupanda basi la kwenda hospitali ya Muhimbili. Wapo wanaonipinga, na wana sababu zao. Nimewapanga katika sauti nne: Mwalimu wa shule ya msingi, Mzee, Tabibu wa zahanati, na Mama. Hakuna kati yao aliye mtu fulani. Ni misimamo tu, na nimeiacha iseme kwa nguvu yake yote, kwa kuwa hoja inayoanguka mbele ya mpinzani hodari haifai kupewa mzazi aliyechoka.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayojitokeza utotoni. Mwenye nao hupata shida kuwasiliana na kuelewa nia za wengine, hushikilia utaratibu uleule, na mara nyingi masikio yake au ngozi yake hupokea mambo kwa ukali usio wa kawaida. Leo Kanner alipoueleza usonji huko Marekani mwaka 1943 kwa habari za watoto 11, wengi waliudhani ni jambo la Ulaya na Marekani, mpaka Victor Lotter alipozunguka taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika miji ya Afrika, Kenya ikiwemo, na mwaka 1978 akachapisha kwamba amewakuta na huku. Ukali haumo katika dalili za kuutambua usonji, lakini huambatana nao mara nyingi. Mwaka 2011 Stephen Kanne na Micah Mazurek walichapisha taarifa za watoto na vijana 1,380 wa Amerika Kaskazini: wazazi 68 katika kila 100 walisema mtoto wao amewahi kumshambulia mlezi, na 49 katika kila 100 walisema amewahi kumshambulia mtu mwingine. Anayeumia zaidi ni aliye karibu zaidi, na katika nyumba nyingi huyo ni mama. Lakini hatuzungumzii wahalifu wa kesho. Huko Stockholm, utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha vijana zaidi ya 290,000 ulionesha kwamba uhusiano kati ya usonji na uhalifu wa kutumia nguvu ulififia pale matatizo mengine ya tabia yalipohesabiwa kando. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu Kibiti imeishi na hofu. Baada ya mauaji ya 2016 na 2017 yaliyozikumba Mkuranga, Kibiti na Rufiji, kijana mrefu anayezurura gizani, asiyeitika akiitwa na anayekurupuka akishikwa bega, yuko katika hatari kubwa kuliko wale wanaomwogopa.

MWALIMU: Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati. Mmoja akimng'ata mwenzake, mchana nina wazazi mlangoni, na wana haki ya kukasirika. Nikiwachapa wengine kwa kosa hilo na yeye nikamwacha, kesho nitakuwa na wang'ataji kumi. Na nikimrudisha nyumbani, angalau siku hiyo wenzake wanasoma. Niambieni nimemkosea nani.

Mwalimu anatetea mambo mawili ambayo sitayapunguza: watoto wengine wasiumizwe, na somo liendelee. Swali ni kama bakora inayaleta. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Karibu wote walikuwa wameshapigwa na mzazi au mlezi, na waliopigwa zaidi ndio walioonesha zaidi ugomvi na utukutu. Utafiti wa namna hiyo hauwezi peke yake kusema kipi kilianza, kipigo au ukorofi, na mwalimu makini atanikumbusha hilo. Lakini kwa mtoto mwenye usonji kuna sababu ya ziada ya kuiweka bakora chini. Ili ifundishe, anayechapwa lazima aunganishe kosa alilolifanya muda uliopita, kanuni aliyoivunja, na nia ya anayemchapa. Kusoma nia ya mtu ndiko hasa kunakomshinda. Anachoondoka nacho ni kwamba mahali hapa panaumiza, na kwamba mkubwa akikasirika hupiga. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zenyewe zinataka viboko visizidi vinne na vitolewe na mkuu wa shule au aliyeteuliwa naye kwa maandishi, kwa makosa mazito. Mtoto asiyejua amekosa nini hakuwa akilini mwa walioziandika.

Kumrudisha nyumbani kunanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu kunafanana na upole. Tuchukue mtoto ambaye kila anapotakiwa kunakili ubaoni katikati ya kelele za darasa zima humng'ata wa jirani. Anang'ata, anatolewa nje, kelele zinakwisha, kazi inakwisha. Alichokihitaji amekipata, na kesho atakitafuta kwa njia hiyohiyo iliyompa leo. Edward Carr na Mark Durand walilionesha jambo hili mwaka 1985 kwa jaribio dogo ambalo limeongoza kazi nyingi tangu wakati huo. Walichunguza kwanza kila mtoto hufanya fujo lini: kazi inapokuwa ngumu, au anapokosa kuangaliwa. Kisha wakamfundisha kila mmoja namna ya kuomba kitu hichohicho kwa maneno. Aliyeomba msaada alisaidiwa, aliyeomba kuangaliwa aliangaliwa, na fujo ikapungua sana. Walipofundishwa maneno yasiyolingana na sababu yao, haikupungua. Somo la jaribio hilo kwa shule ya Kibiti halihitaji fedha. Mtoto asiyesema anaweza kufundishwa kumkabidhi mwalimu kipande cha ubao, au kugusa kifua kwa kiganja, kumaanisha nataka kupumzika. Mwanzoni apewe mapumziko kila anapoomba, hata kama ni mara ishirini kwa asubuhi moja, akae chini ya mwembe na mwanafunzi mkubwa, kisha arudi. Akishaamini kwamba ombi linasikilizwa, ndipo asogezwe taratibu: maliza mstari huu kwanza, halafu nenda. Akae pembeni karibu na mlango, si katikati ya dawati la watoto wanne, na hapo hatari kwa jirani yake inapungua siku ileile. Na wale kumi ambao Mwalimu anahofia wataiga, watoto huona tofauti mapema kuliko sisi tunavyodhani. Wakielezwa kwamba mwenzao anatoka kupumzika kwa sababu kelele zinamuumiza masikio, wengi watajifunza kuzipunguza.

MZEE: Wanangu, nimewasikia. Mimi nilimwona mtoto mmoja wa namna hiyo kabla ya degedege. Alikuwa akicheka, akiita bibi yake. Homa ikapanda, akakakamaa, na alipoinuka hakuwa yule tena. Mnataka niseme hana mtu juu yake? Alisomewa kisomo siku tatu akatulia. Shule na hospitali hazikumtuliza hivyo.

Shikamoo Mzee. Ulichokiona kimeandikwa pia na madaktari. Mwaka 2006 Raymond Mankoski na wenzake, wakiwemo wataalamu wa hapa nchini, walichapisha habari za watoto 20 wa Tanzania waliochunguzwa kwa usonji, na baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya kupona malaria kali. Huko pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba watu walitaja pepo na uchawi, lakini walitaja pia maradhi ya kuambukiza na matatizo ya wakati wa kujifungua. Mzazi mmoja anaweza kuyashika maelezo yote mawili kwa pamoja, na sioni faida ya kumlazimisha aliache moja ndipo asaidiwe. Hata mwenye kuamini kwamba kuna jini anaweza kuuliza swali ninalouliza: hali hii huja saa ngapi, baada ya nini, na huondoka kukitokea nini? Kisomo nacho kijibu swali hilo. Mtoto amekaa mahali palipotulia, anasikia sauti yenye mapigo yaleyale, watu ni walewale, mama yuko pembeni, na hakuna anayemtaka ajibu lolote. Mtoto ambaye kelele na amri humchemsha ana kila sababu ya kutulia hapo, na utulivu huo unaweza kuwekwa katika kila siku yake nyumbani bila kuipunguzia dua heshima yake.

Ila yapo ambayo siwezi kuyanyamazia hata kwa adabu ya ukubwa wako: kumpiga ili pepo atoke, kumfukizia moshi usoni, na kumwachisha dawa za kifafa kwa kuwa ameanza kusomewa. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha kifafa, na kifafa huandamana na usonji mara nyingi. Mtu anapotoka kwenye kifafa huchanganyikiwa kwa muda, na akishikwa kwa nguvu katika dakika hizo anaweza kurusha mikono na miguu bila kujua anampiga nani. Hapo hakuna hasira wala mshambulizi. Anahitaji kulazwa ubavu, kuondolewa vitu vya kumuumiza, na kuachiwa nafasi. Na kwa kuwa Mzee ni mtu wa msikitini, anajua kuliko mimi kwamba asiye na uwezo wa kupambanua hana taklifu. Kama Mola hamhesabii, sisi tunamwadhibu kwa lipi?

TABIBU: Ndugu mwandishi, mimi nina mambo mawili. La kwanza, dawa zipo. Mwaka 2002 risperidoni ilijaribiwa Marekani kwa watoto 101 wenye usonji na ukali mkubwa. Baada ya wiki nane, 69 katika kila 100 ya waliopewa dawa walipata nafuu ya kuonekana, na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ni 12 tu. Mama akinijia amevunjwa kidole, nimpe mafunzo? La pili, utafiti wako wa watoto 1,380 haukuona kwamba wasioweza kusema ndio wakali zaidi. Hoja yako kwamba mtoto hupiga kwa kukosa namna ya kuomba imepata ufa hapo.

Huyu ndiye mpinzani ninayemheshimu zaidi, kwa hiyo nitamjibu kwa urefu. Takwimu zake za dawa ni sahihi. Katika jaribio hilohilo waliopewa risperidoni waliongezeka uzito kwa wastani wa kilo 2.7 ndani ya wiki hizo nane, wenzao kilo 0.8, na usingizi wa mchana na kutokwa udenda viliripotiwa. Dawa ya namna hiyo inataka mtu wa kupima uzito na kuangalia mwendo na mikono kila mara, na mgonjwa anayetoka visiwa vya delta anategemea maji kujaa na boti kupatikana ili afike tu. Aghalabu kinachopatikana hospitali ni haloperidoli au klopromazini, dawa za zamani zinazoweza kukaza shingo na kupinda ulimi, na mtoto asiyesema hawezi kueleza kwamba shingo inakaza. Atapiga zaidi, na dozi itaongezwa. Kuna dawa nyingine ambayo Tabibu anaifahamu vizuri. Fenobabitoni, ambayo wengi wenye kifafa vijijini huitumia kwa kuwa ni rahisi na inapatikana, huwafanya baadhi ya watoto wahangaike, wakose utulivu na wawe wakali. Kabla ya kuongeza kidonge cha kutuliza, itazamwe kama kidonge kilichopo ndicho kinachochokoza. Si kwa mzazi kukikatisha ghafla nyumbani, maana kifafa kitarudi kwa nguvu. Ni kwa daktari kukibadilisha kwa hatua.

Na kabla ya dawa yoyote kuna mwili. Hapa ndipo zahanati ina kazi kubwa ambayo haijapewa hadhi yake. Jino lililooza, sikio lenye usaha, choo kigumu, minyoo, malaria, hedhi yenye maumivu kwa binti aliyevunja ungo. Kichocho cha mkojo kimeenea ukanda wa pwani. Mtu mzima mwenye nacho huja mwenyewe akisema mkojo unachoma. Kijana asiyesema atafanya nini kila anapobanwa? Hapo ndipo tunasikia kwamba amekuwa mkali bila sababu. Sababu ipo, imejificha mahali ambapo mwenye afya angeielekeza kwa kidole. Vivyo hivyo usingizi: mtoto aliyekesha juzi na jana anaweza kulipuka leo adhuhuri kwa jambo dogo kama kubadilishiwa kikombe, na wote tutalaumu kikombe. Ninaposema hapigi ghafla sina maana kwamba sababu iko dakika moja nyuma. Inaweza kuwa siku mbili nyuma, na ndiyo maana ya kuandika. Daftari la shilingi mia chache, lenye saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata, alilala vipi na alikula nini, likijazwa wiki mbili, humpa Tabibu picha ambayo mama aliyehojiwa dakika tano kwenye benchi la zahanati hawezi kuitoa kwa kumbukumbu. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa shule.

Sasa ule ufa. Ni kweli watafiti wale hawakuona kwamba uwezo wa kusema unawatenga wakali na wapole. Lakini kuwa na maneno ni jambo moja na kuyapata kichwani wakati umefurika ni jingine. Hata mtu mzima msemaji hubabaika akishtuka. Zaidi ya hapo, kulinganisha mtoto huyu na yule hakutuambii nini kinamsukuma mmoja wao. Carr na Durand walimfuata mtoto mmojammoja, wakabadilisha jambo moja, wakaona fujo inapanda na kushuka. Na Mazurek mwenyewe na wenzake, walipochapisha uchambuzi mwingine mwaka 2013, walikuta ukali ukienda pamoja na kukosa usingizi, kujiumiza, na kusumbuliwa na sauti, miguso na vitu vya namna hiyo. Hayo yananipa nguvu zaidi kuliko yanavyonidhoofisha. Kuhusu mafunzo, mwaka 2015 Karen Bearss na wenzake waliwagawa wazazi wa watoto 180 wenye umri wa miaka 3 hadi 7: nusu wakapewa maelezo kuhusu usonji, nusu wakafundishwa hatua kwa hatua namna ya kuzuia na kujibu fujo. Baada ya wiki 24 makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, lakini kwa kipimo cha wazazi waliofundishwa kwa vitendo ukali ulishuka kwa asilimia 48 hivi, na kwa wenzao 32. Aliyevunjwa kidole afungwe kidole, Tabibu, na apewe rufaa ya Tumbi au Muhimbili kama hali ni ya hatari. Lakini asiondoke na kidonge peke yake.

MAMA: Mmesema vizuri nyote, na mimi si msomi. Mwanangu ana miaka kumi na tano na ananizidi kimo. Msimu wa mpunga tunahamia shambani, tunalala dunguni. Mto uko pale na mamba wamo. Nikimfungua anaingia majini. Nikimfunga kamba, mnaniita mkatili. Kati yenu, mwalimu, daktari, na wewe unayeandika, nani atakuja kukaa nami dunguni?

Hakuna hoja nzito kuliko hii, na sitaijibu kwa kumhubiria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtesa mtoto, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inalinda utu wake. Lakini sheria inayomfikia mama wa delta kwa njia ya kitisho, bila mkono wa kumsaidia, itamfanya tu amfiche mwanawe ndani zaidi. Penye mto na mamba, kumzuia mtoto asizame ni kumwokoa. Ninachokataa ni kamba kugeuka malezi, kwa sababu kamba nayo ina kinachoifuata. Inachubua, inanyima usingizi, inamfundisha kwamba mtu akimkaribia ni kumkamata, na hivyo kila akifunguliwa anapigana kabla hajashikwa. Mama anaona kwamba akifunguliwa ni mkali na anahitimisha kwamba kamba inahitajika. Mzunguko huu haukatiki kwa siku moja. Hukatwa kwa dakika: robo saa bila kamba, ndani ya uzio wa miti, wakati ambao daftari linasema ndio wake wa utulivu, mkubwa mwingine akiwepo, na kitu anachokipenda mkononi, kisha nusu saa.

Tulitazame dungu lenyewe. Kuhamia shambani ni kubadilisha vyote kwa siku moja: nyumba, mahali pa kulala, sauti za usiku, chakula, watu. Halafu huja kuamia ndege. Kuanzia alfajiri hadi jua linapozama watu wanapiga makopo na kupaza sauti ili ndege wasimalize mpunga, na wanafanya hivyo kila siku mpaka mavuno. Kwa mtoto ambaye sauti huingia masikioni kama msumari, hayo ni mateso ya wiki nyingi, na yanajulikana tarehe zake kabla hayajaanza. Ramadhani nayo hugeuza saa za kula na kulala, na mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofukuza kaya nyingi za Rufiji na Kibiti kutoka majumbani, yaligeuza kila kitu bila kubisha hodi. Mafuriko hatuwezi kuyapangia, msimu tunaweza. Kijana apelekwe dunguni mchana mmoja mmoja kabla ya kuhama, mkeka wake, kikombe chake na shuka lake vitangulie naye, aoneshwe njia ileile kila mara. Wapo watakaotulia wakipewa wao kamba ya kuvuta makopo, kwa kuwa sauti unayoitawala mwenyewe hutisha kidogo kuliko inayokuvamia. Wapo ambao hawataweza kabisa, na kwa hao jibu la kweli ni kubaki kijijini na shangazi au bibi, na jirani wa kumsaidia bibi huyo, jambo linalotakiwa kupangwa na familia kabla ya mvua, si siku ya kuondoka.

Na siku fujo inapotokea licha ya yote, kuna mambo ambayo kijiji kizima kinapaswa kuyajua, kwa sababu kijiji ndicho hujaa mlangoni. Umati huongeza moto. Waondolewe watoto wadogo na vitu vya ncha kali, abaki mtu mmoja anayemjua, aongee maneno machache kwa sauti ya chini au anyamaze, asimame kando, asimzibie njia, na asimkamate kutoka nyuma. Maswali na mafunzo yasubiri mpaka atulie, hata kama ni kesho. Kwa kijana wa miaka 15 mwenye nguvu za mtu mzima, kumshinda kwa mieleka kunamalizika kwa mmoja kuvunjika. Ndiyo sababu nasisitiza kuanza akiwa na miaka mitatu au minne, wakati kuuma kwake bado kunachekesha wageni. Kinachochekwa leo kitakuwa na meno ya kijana kesho.

Swali la Mama lilikuwa nani atakuja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mafunzo ya walezi wa watoto wanaochelewa kukua au wenye usonji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yakiendeshwa na watu ambao si mabingwa. Yamejaribiwa Kenya na Ethiopia, kwa hiyo hatuambiwi mambo ya Ulaya tu. Hapa nchini, Ashley Harrison, Karim Manji wa Muhimbili na wenzao walishatengeneza mafunzo mafupi kwa wazazi wa Tanzania na kuyaeleza katika chapisho la mwaka 2016. Na Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa bado sehemu yake, ilikuwa miongoni mwa wilaya ambazo kuanzia mwaka 2011 Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake walijaribu kuwaweka vijijini wahudumu wa kulipwa, maarufu kama WAJA, waliofundishwa miezi tisa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu anayeingia nyumbani kuuliza chanjo na chandarua anaweza kufundishwa kuuliza pia: humpiga nani, hupiga lini, analala? Atakayekuja dunguni ni huyo, akiongezewa siku chache za mafunzo na nauli ya boti.

MAMA: Na yule ambaye mtamfanyia yote hayo na asibadilike?

Yupo, na atakayekuambia hayupo anakudanganya. Kwa huyo dawa ya Tabibu ina nafasi yake, kwa dozi ndogo na uangalizi, na shule inaweza ikamshinda kwa saa nyingi za siku. Lakini hata yeye ana saa za utulivu na mlezi mwenye mgongo unaouma, na hitaji la kwanza la nyumba hiyo ni mtu mwingine: siku moja kila wiki, mtu yuleyule, aliyesoma daftari, amchukue kijana kwenye njia anayoizoea ili mama alale au aende kliniki yake mwenyewe. Sheria ya 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na fungu la hao wa mwisho ni asilimia 2. Mkopo unaweza kununua cherehani. Hauwezi kukaa na kijana Jumanne nzima. Posho ya huyo wa Jumanne ndiyo ninayotaka iingie kwenye bajeti ya Kibiti, na kamati ya kijiji ndiyo inayojua apewe nani.